Kupima uwezekano kwa sarafu na kizibo cha soda
Chukua sarafu ya shilingi mia, kabla hujairusha piga hesabu kwanza: pande ziko mbili, wa Nyerere ni mmoja, kwahiyo uwezekano wa kinadharia ni 1/2. Sasa rusha mara 50, kila ikitua Nyerere chora kijistari kwenye daftari, afu gawanya vijistari kwa 50, huo ndo wa majaribio. Ukipata 22 usifute ulazimishe 25 jamani, 0.44 ni sawa kabisa, we ongeza tu kurusha, mwanahisabati John Kerrich alirusha sarafu mara 10,000 huko Denmark wakati wa vita kuu ya pili, upande wa kichwa ukatoka mara 5,067, karibu kabisa na nusu.

Kisha jaribu kizibo cha soda, hapo ndo patamu, pande zake hazilingani kwahiyo 1/2 haina uhakika, lazima urushe uhesabu.