Ukivuna miti mlimani, ziba njia ya magogo kabla ya mvua

Kwenye miteremko kama ya Usambara Mashariki, udongo ni wa tindikali na rutuba karibu yote imo kwenye mboji ya juu. Kisiki hakileti hasara kubwa. Hasara inaletwa na njia ya kuburutia gogo: inakwangua mboji, inashindilia udongo, na mvua ya masika inaigeuza korongo.

Kabla ya kuburuta, chukua udongo wa kina cha kiganja uufinye. Ukishikana na kung'aa maji, subirini ukauke, hata kama lori limeshafika. Kama mnaweza, pasueni mbao pale pale mti ulipoangukia na kuzibeba begani. Mkichimba shimo la kusimama mnapopasua mbao, lifukiwe siku ya kuondoka.

Kazi ikiisha, kata njia kwa matuta ya sentimita 30 yaliyoshindiliwa vizuri. Pale inaposhuka mita 1 kila mita 10, weka tuta kila mita 25. Ikishuka mita 2, kila mita 15. Tuta liende mshazari, ncha ya chini iishie kwenye majani makavu msituni. Wengi hulilaza sawasawa bila mshazari, maji yanajaa nyuma yake na kulivunja usiku mmoja. Kamwe lisimwage maji kijitoni. Sheria ya mazingira ya Tanzania ya 2004 inalinda mita 60 kutoka kwenye mto.

Matawi yatandazwe juu ya njia. Msiyachome: majivu huoshwa na mvua ya kwanza, na virutubisho vyake navyo.