Ukizuru ngome za Wales kwa gari, elekeza ramani kwenye maegesho

Kwa wanaopanga kutumia likizo kuzungukia ngome kongwe za kaskazini ya Wales, usiandike jina la ngome kwenye ramani ya simu. Tafuta kwanza maegesho ya umma yaliyo karibu nayo, kisha uyafanye hayo kuwa mwisho wa safari, nawe umalizie kwa miguu. Ngome maarufu kati ya hizi, ambazo Mfalme Edward I wa Uingereza alizijenga mwishoni mwa karne ya 13, nyingi ziliwekwa makusudi mahali pagumu kwa adui kuvamia, na ramani inayofuata jina tu huweza kukuingiza katika vichochoro visivyofaa gari. Mji wa Conwy, wenye mojawapo ya ngome hizo, umezungukwa na ukuta wenye urefu wa kilomita 1.3 hivi, na baadhi ya malango yake ni membamba mno. Ngome ya Harlech, ambayo kwangu ndiyo yenye mandhari bora kuliko zote, iko juu ya jabali, na kando yake unashuka mtaa wa Ffordd Pen Llech, uliotambuliwa mwaka 2019 kuwa wenye mwinuko mkali kuliko yote duniani kabla mtaa wa Baldwin Street wa New Zealand haijarudishiwa nafasi hiyo mwaka uliofuata. Mbinu hii haisaidii sana wakati wa kiangazi, maegesho yanapojaa mapema, wala katika mabonde ya Eryri (milima ya Snowdonia) ambako mtandao hukatika, isipokuwa uwe umepakua ramani kabla ya kuondoka. Mwenye shida ya kutembea aulize kwanza ngome husika kuhusu nafasi za karibu na lango.