Breki ya nyuma inabana na habu inapata moto: usikimbilie kulegeza nati

Dalili zake hazijifichi. Pikipiki iliyozoea kubeba abiria kwa gia ya tatu inataka ya pili. Petroli inaisha mapema. Ukizima injini mahali tambarare na kuisukuma, inagoma. Kisha inakuja harufu ya kuungua, na habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, haishikiki kwa mkono.

Dawa inayotolewa karibu kila steji hapa Malindi ni moja: legeza nati ya mwisho wa rodi (kile chuma kirefu kinachovuta breki ukikanyaga pedeli) mizunguko miwili, uendelee na kazi. Gurudumu litafunguka, sikatai. Lakini kama kilichozuia breki isirudi ni kutu, kutu bado imo, na sasa umejiongezea shida ya pili: pedeli inashuka mpaka chini ndipo breki ishike. Ikibana tena unalegeza tena, mpaka siku unaikanyaga na haipo. Kwa hiyo humu tutatafuta kwanza kinachoizuia breki kurudi, na nati tutaigusa mwisho kabisa.

Ninazungumzia hasa breki ya dramu inayovutwa na rodi, ambayo shuu zake mbili za nusu duara hutanuka ndani ya habu na kuisugua dramu, ile iliyoko kwenye Boxer na TVS HLX nyingi za bodaboda. Za disiki nimeziweka chini, maana ugonjwa wake ni mwingine.

Ukiwa barabarani

Ukisikia harufu, au pikipiki ikaanza kujivuta, punguza mwendo kwa breki ya mbele taratibu na utoke barabarani. Usikanyage ya nyuma. Gurudumu la nyuma likijifunga ukiwa mwendoni, mkia unachapa upande, na ukiwa na abiria juu ya lami yenye mchanga, kama vipande vya kuelekea Mambrui, hakuna ufundi wa kuendesha utakaokuokoa.

Usiishike habu kupima joto. Idondoshee tone moja la maji: likichemka na kulia, imepita nyuzi 100. Usiimwagie chupa nzima, kwa sababu chuma kilichoungua kikipozwa ghafla kinaweza kujikunja au kupasuka. Iache ipoe yenyewe. Ikishapoa, legeza nati ya rodi mpaka gurudumu lizunguke, mtafutie abiria pikipiki nyingine, na wewe urudi polepole kwa breki ya mbele peke yake. Huo ndio wakati pekee ambapo nati inalegezwa kwanza.

Hatua ya 1: Jua kinachobana ni nini

Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, weka nyutro, zungusha gurudumu kwa mkono. Likiwa zima litazunguka mara kadhaa, pengine na mkwaruzo mdogo. Sasa kanyaga breki, achilia, zungusha tena. Tazama kwa mpangilio huu: pedeli imerudi juu? Mkono wa breki, kile chuma kifupi kilichofungwa kwenye sahani ya breki (kifuniko cha ubavuni mwa habu kinachobeba shuu), umerudi? Gurudumu limefunguka?

Halafu chomoa rodi kwenye mkono wa breki, kazi ya dakika moja. Pedeli ikiwa bado inarudi kwa uvivu, ugonjwa uko mbele: egemeo lake limekauka kwa kutu au springi imechoka. Pedeli ikiwa nzima, sukuma mkono wa breki kwa mkono wako. Ukikwama palepale ulipouacha, kemu, kile chuma kinachozitanua shuu, imeganda ndani ya sahani. Kwenye pikipiki za pwani, hii ndiyo ninayokutana nayo zaidi ya zote. Mkono ukirudi vizuri na gurudumu bado zito, angalia ndani: springi za shuu zimelegea, shuu zimevimba au si za saizi hiyo, au dramu imepoteza mviringo. Dramu ya namna hiyo hubana sehemu moja tu katika kila mzunguko, na utaisikia.

Usisahau cheni. Cheni iliyokazwa kama waya inatesa beringi, na habu inapata moto ilhali breki haina kosa lolote. Iache icheze kama milimita 25 katikati. Shika pia tairi kwa juu na chini ulitikise: likicheza kushoto na kulia, beringi zimekwisha.

Dalili nyingine ya bure ni taa ya breki. Ikiwaka wakati mguu haupo kwenye pedeli, huenda pedeli hairudi hadi mwisho. Huenda pia swichi imewekwa vibaya, au dereva ana tabia ya kupumzisha mguu juu ya pedeli siku nzima. Wa aina hiyo ni wengi, na hakuna spea itakayowatibu.

Hatua ya 2: Toa gurudumu

Subiri lipoe kabisa. Toa nati ya rodi, kipini cha mviringo na springi yake, uvirudishe kwenye rodi ili visipotee mchangani. Fungua chuma cha kuzuia sahani isizunguke, kile kirefu kinachotoka kwenye sahani hadi uma wa nyuma. Angalia vizuri boliti yake na kota pini, ile pini ya kukunja inayozuia nati isifunguke. Chuma hiki kikichomoka wakati unakanyaga breki, sahani nzima inazunguka na gurudumu na kulifunga papo hapo. Nimeona pikipiki ambazo pale pamepitishwa msumari au kipande cha waya wa umeme. Kota pini mpya ni bei ya andazi, nunua.

Legeza nati ya ekseli, chomoa ekseli, na uweke bushi kwa mpangilio ulivyozitoa. Sahani itatoka na shuu zake.

Vumbi utakalolikuta usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Baadhi ya shuu huwa na asbesto, na hata zisizokuwa nayo vumbi lake halifai mapafuni. Lifute kwa kitambaa kilicholowa, na kitambaa ukitupe.

Hatua ya 3: Kemu

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo wengi wanaporuka.

Kunja shuu mbili kwa ndani kama unavyofunga kitabu, zitatoka pamoja na springi zake. Sasa unaiona kemu: chuma kinachopita katikati ya tundu la sahani, upande wa ndani kimebapa, upande wa nje kimeshikwa na mkono wa breki. Ukikanyaga, kinazunguka kidogo na kuzitanua shuu. Ukiachilia, springi za shuu ndizo zinazokirudisha. Basi tundu likijaa kutu, mguu wako una nguvu ya kukizungusha, lakini springi hazina nguvu ya kukirejesha. Shuu zinabaki zimelala juu ya dramu, zinasuguana, zinazalisha joto. Joto linakausha grisi iliyobaki, na kila safari inabana zaidi ya ile iliyotangulia.

Hewa yetu ya chumvi inachangia, lakini wanaoumia zaidi ni wabeba samaki. Kreti ya samaki na barafu ikifungwa nyuma kutoka ufuoni hadi Gede au Kakuyuni, maji yake ya chumvi yanachuruzika juu ya sahani njia nzima. Wanaofuatia ni wale wanaovuka matope ya mto Sabaki wakati wa masika kisha wanapiga pampu ya maji moja kwa moja kwenye habu. Matope yanatoka nje, maji yanaingia ndani.

Kabla ya kuondoa mkono wa breki, tia alama ya tindo kwenye mkono na kwenye ncha ya kemu, ujue ulikaa wapi. Fungua boliti yake, vuta mkono, sukuma kemu itoke kwa ndani. Ikigoma, tia mafuta ya kupenyeza na uisubiri. Nyundo ya hasira itapanua ncha yake na haitatoka tena. Isugue kwa msasa laini mpaka ing'ae, safisha tundu kwa kitambaa chenye dizeli, futa yote yakauke. Irudishe kavu kwanza: izunguke kwa vidole viwili bila kukwaruza, lakini isipwaye. Ikipwaya, tundu limelika, na shuu zitakuwa zinakaa mshazari.

Sasa paka grisi ya kuvumilia joto, ile ya beringi za magurudumu. Utando mwembamba kwenye kijiti cha kemu, kwenye nyuso zake mbili zilizobapa, na kwenye pini ya upande wa pili ambako shuu zinaegemea. Utando mwembamba, narudia. Grisi ikizidi itayeyuka na kuingia kwenye shuu, na hapo breki haitabana tena wala haitashika. Oili ya injini si badala yake. Rudisha pia mpira au pete ya kuzuia maji kwenye mdomo wa tundu. Ikiwa imekatika, weka nyingine.

Hatua ya 4: Shuu na dramu

Pima unene wa kitambaa cha shuu, yaani ile sehemu yake inayosugua dramu. Kikifika milimita 2, badilisha. Shuu iliyolowa grisi au oili usiioshe kwa petroli ukidhani imepona. Joto likipanda mafuta yanatoka tena. Iliyong'aa kama kioo lakini ingali nene, isugue kwa msasa. Springi zikiwa zimevutika au zimebadilika rangi kwa moto, zibadilishe pamoja na shuu.

Ndani ya dramu pitisha kidole. Ukikuta ukingo au mifereji mirefu, tafuta kipimo cha mwisho kilichochongwa kwenye habu. Dramu ya milimita 110 mara nyingi haitakiwi kupita 111.

Kuna ujanja mmoja nauchukia. Shuu zikiisha, fundi anauhamisha mkono wa breki jino moja au mawili, au anabandika kipande cha bati kati ya kemu na shuu, ili zitumike mwezi mwingine. Kemu inazunguka kupita ilipokusudiwa, na ikikaribia kusimama wima inaweza kunasa hapo na kuacha gurudumu limefungwa. Ndiyo maana tulitia alama. Rudisha mkono palepale.

Hatua ya 5: Kufunga, kwa mpangilio

Rudisha sahani, gurudumu, bushi na ekseli bila kukaza. Rekebisha cheni kwanza. Ukivuta gurudumu nyuma kukaza cheni, sahani nayo inarudi nyuma huku rodi ikibaki na urefu uleule, kwa hiyo mkono unavutwa na breki inaanza kubana wewe hujagusa nati. Pikipiki ngapi zimechomwa habu kwa sababu tu cheni ilikazwa asubuhi! Cheni kwanza, breki baadaye, kila mara.

Kisha mwambie mtu akanyage breki kwa nguvu wakati unakaza nati ya ekseli. Shuu zitajiweka katikati ya dramu zenyewe. Kaza chuma cha kuzuia sahani, tia kota pini mpya.

Mwisho ndiyo nati ya rodi. Kaza mpaka pedeli ishuke milimita 20 hadi 30 kabla ya breki kuanza kushika. Hakikisha mdomo wa nati umekaa sawasawa juu ya kipini cha mviringo, la sivyo itajikaza au kujilegeza nusu mzunguko njiani. Zungusha gurudumu, kanyaga, achilia, zungusha.

Halafu pandisha watu wawili, uisukume. Kwenye baadhi ya pikipiki nyuma ikishuka kwa uzito rodi nayo inakazika, na breki iliyo huru gereji inabana ikibeba mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja.

Jaribu barabarani bila mzigo, kwa mfano hadi daraja la Sabaki, ukitumia breki ya mbele zaidi. Ukifika, sogeza kiganja karibu na habu zote mbili bila kugusa. Ya nyuma ikiwa moto kuliko ya mbele, rudi hatua ya 1.

Kama breki yako ni ya disiki

Apache na Pulsar zenye disiki nyuma zina hatari yake. Kati ya pedeli na pistoni ya masta silinda (pampu ya breki) lazima kuwe na nafasi ndogo. Ukiimaliza kwa kurekebisha pedeli ije juu, tundu dogo la kurudishia mafuta ya breki linabaki limezibwa. Padi zinagusa disiki, disiki inapata moto, mafuta yanapata moto na kutanuka, hayana pa kurudi, yanasukuma padi zaidi. Mzunguko huo unaweza kuishia gurudumu likijifunga lenyewe bila wewe kukanyaga chochote.

Ikitokea, acha ipoe, kisha legeza kidogo sana nipeli (boliti ya kutolea hewa) ya kalipa, ile inayobana padi kwenye disiki, uso wako ukiwa mbali. Matone yakiruka na gurudumu likafunguka, presha ilikuwa imefungiwa: angalia nafasi ya pedeli, lile tundu la masta silinda, na paipu. Lisipofunguka, ni pistoni ya kalipa au pini zake za kutelezea, zimeshikwa na kutu.

Mafuta yawe DOT 4 kama mfuniko unavyosema. Yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 230, lakini yananyonya unyevu, na yakishalowa yanaweza kuchemka kwenye 155. Pwani hii yenye unyevu mwaka mzima, yabadilishe kila miaka miwili na usinunue chupa iliyokwisha kufunguliwa. Aliyekutilia oili ya injini mle amekuharibia mipira yote: itavimba, na pistoni haitarudi hata ukisafisha vipi. Hapo agiza mipira mipya ya masta silinda na kalipa, na paipu uibadilishe pamoja nayo.