Ukipata pama la zamani, pindua ngozi kwanza

Ukikuta pama la felti la Marekani kwenye mitumba, usibabaishwe na jina lililochapwa ndani kwa rangi ya dhahabu. Stetson, kwa mfano, ni jina la kampuni ya kofia ya tangu 1865. Peke yake halikuambii umri. Pindua ule mkanda wa ngozi unaogusa paji la uso, utafute lebo ndogo ya chama cha wafanyakazi. Ikisomeka United Hatters of North America, kwa kawaida kofia ni ya kabla ya 1934, mwaka ambao chama hicho kiliungana na kingine na kubadili jina. Na anwani ya duka ikiwa na msimbo wa posta wa tarakimu tano, hilo si la kabla ya 1963, hata muuzaji aape.

Angalizo: hadi 1941 viwanda vya Marekani vilitumia zebaki, ambayo ni sumu, kuandaa manyoya ya felti. Kwa hiyo pama la umri huo usilipulizie mvuke wa birika ndani ya nyumba, wala usimwachie mtoto alichezee.

Likilowa, pindua ile ngozi itokeze nje, ulisimamishe pama juu ya ngozi hiyo, mbali na jua na jiko. Likikauka, brashi laini inatosha. Kuhifadhi? Lilaze kichwa chini, ukingo juu. Langu nililiweka likisimama kwa ukingo wake, kichwa juu, kwenye kabati, wiki moja tu, likapinda kama sahani ya bati iliyokanyagwa.