Kumtunza frontosa wa Ziwa Tanganyika katika tangi la nyumbani

Frontosa hutambulika kwa mistari yake mipana myeusi, sita au saba, iliyoukata mwili mweupe wenye rangi ya samawati, na kwa nundu ya kwenye paji la uso ambayo huzidi kutuna kadiri umri unavyosonga. Ni siklidi, ukoo mmoja na perege na sato, lakini kwa asili hapatikani penginepo duniani isipokuwa katika Ziwa Tanganyika. Yule wa kaskazini alipewa jina la kitaalamu la Cyphotilapia frontosa mwaka 1906, na yule wa kusini akatengwa mwaka 2003 kwa jina la Cyphotilapia gibberosa. Matunzo yao hayatofautiani. Dume hufikia sentimita 30 na zaidi, na akitunzwa vizuri huweza kuishi miaka 20, kwa hiyo anayemnunua angali na urefu wa kidole na aanze kwa kuwaza mahali atakapomweka akishakuwa mkubwa.

Ziwani huishi kwa makundi kwenye miamba, mara nyingi katika kina cha mita 10 hadi 50, ambako mwanga ni hafifu na maji hayabadiliki ovyo. Si samaki wa kukimbizana na mawindo: hupanda polepole alfajiri na kuwachukua samaki wadogo kabla hawajachangamka. Mfugaji akiielewa tabia hiyo, ameshaelewa sehemu kubwa ya kazi, kwa maana vifo vingi vya frontosa ninavyovifahamu vilitokana na mtu kufanya jambo kwa ghafla.

Kundi la samaki sita hadi wanane linahitaji tangi lenye urefu wa mita 1.8, upana wa sentimita 60 na kimo cha sentimita 60, ambalo huchukua takriban lita 650. Mwambie fundi wa vioo atumie kioo kisichopungua milimita 12, na usisahau kwamba maji peke yake yatakuwa na uzito wa kilo 650 kabla ya kuhesabu mawe, mchanga na kioo chenyewe. Meza ya sebuleni haiwezi mzigo huo, na sakafu ya mbao ya ghorofani nayo ni ya kutiliwa shaka. Panga mawe makubwa yawe na mapango, ukiyakalisha juu ya kitako cha tangi kabla ya kumwaga mchanga, kwa sababu samaki hawa huchimba na jiwe lililokalia mchanga huweza kuporomoka. Taa iwe ya mwanga mdogo.

Maji ya Tanganyika ni magumu, yaani yenye madini mengi yaliyoyeyuka, na yana pH (kipimo cha uchachu au ualkali, ambapo 7 ni katikati) inayokaribia 9, huku joto la tabaka la juu likiwa nyuzi 24 hadi 27. Nyumbani inatosha kulenga pH ya 8 hadi 8.8, mradi isipande na kushuka. Mchanga wa chokaa au vipande vya makombe ya bahari vilivyooshwa mpaka chumvi ikaisha husaidia kuishikilia pH hiyo, na soda ya kuokea huweza kuongezwa, lakini ikorogwe kwanza katika ndoo ya maji mapya na kupimwa. Mimi niliwahi kuimimina moja kwa moja tangini nikidhani naokoa muda, na samaki wakashinda siku mbili wamejibanza pembeni wakihema kwa kasi. Maji ya bomba yaondolewe klorini kwa dawa yake, na maji ya visima vya pwani yapimwe kwanza kwa kuwa mengi yana chumvi.

Hatari kubwa zaidi haionekani kwa macho, nayo ni amonia inayotokana na kinyesi na mabaki ya chakula. Maji yakiwa na pH 7, sehemu ya amonia iliyo katika umbo la sumu kali haifiki asilimia 1 ya amonia yote; yakiwa na pH 8.5 katika nyuzi 25, sehemu hiyo hufika kama asilimia 15. Kiasi kile kile ambacho samaki wa maji laini angekivumilia kitamchoma frontosa matamvua. Ndiyo maana tangi jipya huendeshwa wiki nne hadi sita likiwa na chujio bila samaki, huku likitiwa amonia kidogo kidogo, hadi bakteria wazoee kuigeuza kuwa nitriti na kisha nitrati. Baada ya hapo badilisha asilimia 20 hadi 30 ya maji kila wiki, na sponji za chujio uzioshe kwa maji yaliyotolewa tangini, kwa sababu klorini ya bombani huwaua bakteria hao.

Wakazi wa Arusha au Nairobi watahitaji hita, ilhali Dar es Salaam na Mombasa taabu ni kupunguza joto. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji huyapoza kwa nyuzi kadhaa. Pampu ya hewa inayotumia betri iwepo siku zote, kwani umeme ukikatika usiku wa joto hewa ya majini huisha upesi.

Nunua vifaranga wanane hadi kumi na uwakuze pamoja, kwa kuwa jike naye huota nundu na si rahisi kutambua jinsia mapema. Baadaye bakiza dume mmoja kwa majike kadhaa. Usiwachanganye na samaki wadogo, ambao watatoweka usiku mmoja mmoja, wala na siklidi wakorofi wa miamba ya Ziwa Nyasa.

Walishe tembe zinazozama, na mara chache kamba waliomenywa au minofu ya samaki. Tembe zinazoelea huwafanya wameze hewa na kushindwa kuzama. Nyama ya ng'ombe au kuku haifai kabisa, kwani mafuta yake hayameng'enywi vizuri. Siku moja kwa wiki wasile. Samaki aliyevimba tumbo, anayekataa chakula na kutoa kinyesi cheupe chembamba atengwe mapema na maji yapimwe kabla ya kukimbilia dawa.

Frontosa hukomaa baada ya miaka mitatu au minne. Jike hutaga mayai machache makubwa, huyachukua mdomoni na kuyaatamia humo kwa wiki nne hadi sita, kidevu kikiwa kimejaa na yeye akila kidogo sana au asile kabisa. Wafugaji wengi humtoa ili kuyanusuru mayai, ila kwa maoni yangu jike wa uzazi wa kwanza aachwe palepale, hata akiyameza, kwa sababu kumvua kwa wavu humtia hofu na akirudishwa huweza kupoteza nafasi yake katika kundi. Watoto hutoka wakiwa na mistari yao tayari, na wanaweza kulishwa artemia wachanga (vijidudu vya maji ya chumvi, jamii ya kamba) siku hiyohiyo katika tangi lao lenye maji yaliyochotwa kwa mama.