SOMO: Tetemeko la kale lilikuwa kubwa kiasi gani? Tupige hesabu ya Cascadia, 1700

Wakuu habari zenu. Kuna watu hawaamini tetemeko la 1700 kupewa ukubwa wa 9 wakati mashine za kupimia hazikuwepo. Inawezekana kabisa, twende taratibu. Tupo pwani ya magharibi ya Marekani na Canada, pale bamba (kipande kikubwa cha ganda la dunia) la Juan de Fuca linapozama chini ya Amerika Kaskazini.

1. Anza na matope. Ukichimba kingo za mito ya jimbo la Washington unakuta udongo mweusi wa nchi kavu, juu yake mchanga wa tsunami, halafu tope la bahari, na sehemu nyingine mashina ya nyasi bado yamesimama ndani ya huo mchanga, yaani ardhi ilishuka na maji yakaingia muda huohuo.

2. Tafuta tarehe. Kipimo cha kaboni kinaacha pengo la miaka mingi, huwezi kujua ni tetemeko moja kubwa au madogo yaliyofuatana. Mierezi iliyofia wima mto Copalis inasaidia zaidi, pete ya mwisho ya ukuaji kwenye mizizi ni ya 1699, yaani haikukua tena baada ya hapo.

3. Vuka bahari. Hapa ndo patamu! Japani waliandika tsunami ya Januari 1700 iliyoingia bila mtu kusikia mtikisiko wowote. Mtaalamu wa matetemeko Kenji Satake na wenzake wakarudisha hesabu nyuma wakapata tetemeko lilipiga Amerika usiku wa tarehe 26, ukubwa 8.7 hadi 9.2.

4. Sasa hakiki ukubwa mwenyewe. Zidisha urefu wa ufa (km 1,000), upana (km 100), mtelezo, yaani umbali ambao mwamba uliteleza (mita 15), na ugumu wa mwamba (paskali bilioni 30), km zikiwa zimegeuzwa kuwa mita. Inakuja 4.5 × 10^22. Loga yake (logarithm ya kizio 10) ni 22.65, toa 9.1 (namba ya kudumu ya fomula), gawa kwa 1.5, unapata 9.0.

Swali: Mkuu, nikikosea mtelezo si hesabu yote imekufa?

Jibu: Haifi. Mita 10 inatoa 8.9, mita 20 inatoa 9.1. Urefu ndo wa kuogopa, ukiweka km 200 unashuka mpaka 8.6, kwahiyo chimba sehemu nyingi, Vancouver Island mpaka kaskazini mwa California.

Swali: Vipi huku kwetu Tanga?

Jibu: Ipo Pangani ndugu yangu, tabaka la mchanga lenye mifupa ya watu, la kama miaka 1,000 iliyopita, na modeli zinaelekeza Sumatra, upande uleule wa 2004. Ila usiandike namba kwa shimo moja, linganisha kwanza na matabaka ya umri huo ng'ambo ya bahari.