Somo: kufungua na kurudisha silinda hedi bila kushusha injini

Kila wiki naulizwa namna ya kutoa silinda hedi, kile kichwa cha juu cha silinda chenye valvu, na kila wiki naeleza upya. Sasa nimeandika, ukiniuliza tena nitakurudisha hapa. Ni kwa pikipiki za silinda moja zenye cheni ya taimingi, kama Boxer zilizojaa vijiweni. Za pushrodi, zenye fimbo za kusukuma valvu badala ya cheni, zina mambo yake.

1. Injini ipoe kabisa. Toa tangi, kabureta, plagi na ekzosi. Nati za ekzosi hapa pwani zimeliwa na chumvi: zitie mafuta jioni, zifungue asubuhi.

2. Toa vifuniko vya tapeti, zile skrubu zinazobonyeza valvu, zungusha magneti hadi alama ya T, pistoni ikiwa juu kabisa. Si F, hiyo ni ya moto wa plagi. Tapeti zote mbili zicheze. Zikikaza, zungusha duru moja zaidi.

3. Toa tenshena, kile kikaza cheni, kisha gia ya kemu, ile shafti inayofungua valvu. Funga cheni kwa waya isitumbukie.

4. Bolti ndogo za ubavuni kwanza, halafu nati nne, robo robo, kwa msalaba. Hedi ikigoma, nyundo ya mpira. Bisibisi weka mbali.

5. Safisha, rudisha zile pini mbili zenye tundu katikati, zinazolenga hedi, weka gasketi mpya. Kaza kwa msalaba, awamu tatu, kwa kipimo cha kukazia kilicho kwenye kitabu cha pikipiki. Nati yenye washa ya shaba irudi pale pale ilipotoka, mafuta hupita hapo.

6. Hapa ndipo nilipoungua. Nililinganisha alama za gia vizuri, nikafunga tenshena, nikapiga kiki. Ka! Kumbe cheni ilikuwa imelegea upande wa mbele. Tenshena ilipoivuta, kemu ikaruka meno. Pistoni ikagonga valvu, valvu ikapinda. Pikipiki yenyewe ya mteja, na mteja kasimama hapo hapo. Kwa hiyo: ukirudisha gia ya kemu, upande wa cheni usio na tenshena uvutike kabisa, ulegevu wote ubaki upande wa tenshena. Rudisha kijiti chake ndani kabla hujaifunga. Kisha zungusha injini KWA MKONO duru mbili, plagi ikiwa nje, utazame alama tena. Ikikwama, simama. Usilazimishe.

7. Pima nafasi ya tapeti kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia, injini ikiwa baridi. Funga.

MASWALI

Dereva Bamburi: Gasketi ya zamani yaonekana nzima, niirudishe?
— Hatua ya 5.

Kijana Likoni: Nimefunga, kiki yakwama. Nisukume nitie gia?
— Soma ya 6 ndipo uulize. Usisukume!

Kijana Likoni: Fundi wangu hazungushi kwa mkono na hajaharibu.
— Basi mpelekee yeye.

Mwanagenzi Changamwe: Samahani fundi, kwa nini kukaza kwa msalaba?
— Swali zuri, mwanangu. Hedi ni aluminiamu. Ukikaza upande mmoja mpaka mwisho, upande wa pili unanyanyuka kidogo na gasketi inabanwa visivyo sawa. Utaona mafuta yakivuja pembeni, au nguvu inapotea. Kabla ya kufunga, ilaze kwenye kioo kinene uone kama inacheza.

Mzee Kongowea: Niongeze: hedi ikiwa mezani na plagi imefungwa, mimina petroli kidogo kwenye tundu la kabureta, halafu la ekzosi. Ikichuruzika kupita valvu, zinataka kusagwa.
— Ahsante mzee. Na mwenye sigara asogee.